Paka, panya na kiroboto

Katika nyumba nyingi za milima ya Kivu yuko mtumishi mmoja asiyelipwa mshahara. Mchana analala karibu na mafiga. Usiku, watu wanapolala, yeye anaamka kwenda kazini. Mtumishi huyo ni paka, na kazi yake ni kuwinda panya. Panya hula mahindi darini, hutoboa magunia ya maharagi, hukata nguo za watu na daftari za wanafunzi. Paka akiwapo, panya huogopa. Ndiyo sababu wazee walisema: paka akiondoka, panya hutawala.

Lakini mara nyingi paka haingii nyumbani peke yake. Katika manyoya yake analeta mgeni asiyealikwa. Mgeni huyo ni mdogo kama punje ya ulezi. Rangi yake ni ya kahawia. Mwili wake ni mwembamba ubavuni, tena mgumu, hata ukimbana kwa vidole hafi upesi. Hana mabawa, lakini miguu yake ya nyuma ina nguvu nyingi. Yeye asiyefikia urefu wa milimita 3 aweza kuruka mbali kwa sentimita 30. Jina lake ni kiroboto. Chakula chake ni damu.

Habari hii ni ya nyumba moja ambamo paka alikaribia kufukuzwa kwa ajili ya kiroboto.

1. Alama nyekundu

Katika nyumba hiyo walikaa baba, mama, babu, msichana wa mwaka wa tano, na mdogo wake aliyeanza kutambaa. Paka wao alikuwa amezaa watoto 3 ndani ya kikapu cha zamani, nyuma ya mlango.

Siku moja mama alikuwa akimwogesha mtoto mchanga. Akaona alama ndogo nyekundu miguuni mwake, karibu na vifundo. Kwanza alifikiri ni mbu. Lakini alama hizo zilifuatana mbili mbili na tatu tatu, na zote zilikuwa chini ya magoti. Mtoto alijikuna hata ngozi ikatoka damu.

Msichana akaenda kumtazama paka. Paka alikuwa akijikuna shingo kwa mguu wa nyuma, kisha akajilamba, kisha akajikuna tena. Msichana akatenga manyoya ya mgongo karibu na mkia. Humo akaona vumbi jeusi kama unga wa makaa. Akalikung'uta juu ya karatasi nyeupe, akatia matone ya maji. Kama lingalikuwa udongo, lingalibaki jeusi. Lakini baada ya muda mfupi kila chembe ilizungukwa na rangi nyekundu. Vumbi lile lilikuwa mavi ya kiroboto, na mavi ya kiroboto ni damu iliyokauka.

Babu alipoona karatasi alisema: «Mjukuu wangu, dawa ni moja. Mtie paka na watoto wake ndani ya gunia, uwapeleke ng'ambo ya mto. Viroboto watakwenda pamoja nao.»

«Na panya, Babu?» akauliza msichana.

Babu hakujibu. Alifikiri kidogo, akasema: «Tutatega mitego.»

Majirani nao walileta mashauri yao. Mmoja alisema: «Mpakeni petroli ya taa.» Wa pili alisema: «Mlisheni kitunguu saumu, viroboto watachukia damu yake.» Wa tatu alileta chupa ya dawa inayonyunyiziwa nyanya shambani. Mama aliwashukuru wote, lakini hakutumia hata moja. Alimwambia binti yake: «Mwoshe paka kwa sabuni kwanza. Tuone.»

Jumamosi msichana alimwosha paka. Viroboto zaidi ya 30 walielea katika maji. Alifurahi sana, akafikiri kazi imekwisha. Lakini juma moja halikupita, paka akaanza kujikuna tena. Tena mtoto mmoja wa paka, yule mdogo kuliko wenzake, alikuwa amelala tu bila kunyonya. Fizi zake zilikuwa nyeupe kama karatasi, na mwili wake ulikuwa baridi. Asubuhi walimkuta amekufa. Viroboto walikuwa wamemnywa damu hata akaishiwa, kwa maana kiumbe mdogo namna ile ana damu kidogo tu.

«Mmeona?» akasema babu. «Kesho ni gunia.»

2. Maharagi 100

Kesho yake msichana alifika shuleni mapema, akamweleza mwalimu habari yote. Mwalimu hakumcheka. Alitafuta maharagi 100, akayamimina juu ya meza, akawaita wanafunzi wasogee.

«Maharagi haya,» akasema, «ni viroboto wote wa nyumba moja. Sasa tutawagawanya.»

Akahesabu 5, akayaweka kando. «Hawa ni viroboto wakubwa, wanaoruka na kuuma. Ndio wale unaowaona juu ya paka. Je, wengine 95 wako wapi?»

Watoto wakatazamana.

Mwalimu akahesabu 50. «Haya ni mayai. Kiroboto jike akiisha kunywa damu, baada ya siku 1 au 2 anaanza kutaga. Aweza kutaga mayai 40 hata 50 kwa siku moja. Ni meupe na madogo kama chumvi laini. Hayashikamani na manyoya. Paka akitembea, yanaanguka. Akilala, yanaanguka mengi zaidi. Mahali anapolala paka ndipo shamba la kiroboto.»

Akahesabu 35. «Hawa ni mabuu. Yai likikaa siku chache linapasuka, na ndani yake anatoka buu mweupe, mwembamba kama kipande cha uzi. Hana miguu, tena anachukia mwanga. Anajificha katika nyufa za sakafu, chini ya mkeka na ndani ya vumbi. Chakula chake ni yale mavi ya damu yanayoanguka kutoka kwa paka.»

Yakabaki 10. «Hawa wamejifungia. Buu akikomaa anajifumia kifuko cha nyuzi. Vumbi linashikamana na kifuko, hata huwezi kukitambua. Humo anageuka kuwa kiroboto. Pengine atatoka baada ya juma 1 au 2. Lakini kama hakuna mtu wala mnyama karibu, aweza kungoja miezi. Akisikia mtikisiko wa hatua, joto la mwili na pumzi, anatoka mara moja na kuruka.»

Mwalimu akaeleza kwamba hesabu hiyo ni ya kukisia, wala haiwi sawasawa katika kila nyumba. Mahali penye joto, yai huweza kuwa kiroboto mkubwa kwa majuma 3 hivi. Mahali penye baridi, kama juu milimani, inachukua siku nyingi zaidi. Lakini jambo lenyewe ni moja: wachache wako juu ya paka, na wengi wako nyumbani.

Msichana akayatazama maharagi 5 yaliyowekwa kando. «Basi, Mwalimu, nilipomwosha paka niliondoa hawa tu.»

«Ndivyo. Na wengine 95 walikaa wakimngoja arudi. Wazee walisema: kikulacho ki nguoni mwako. Kwenu, kiwalacho ki mkekani mwenu.»

3. Kazi ya ufagio, maji na jua

Jioni ile msichana alichukua maharagi nyumbani, akayapanga mbele ya mama na babu kama mwalimu alivyofanya. Mama alielewa upesi. Siku ya pili kazi ikaanza.

Kikapu cha zamani kilichomwa moto. Paka akapewa sanduku lenye kitambaa, kwa sababu kitambaa chaweza kufuliwa. Mablanketi na vitambaa vyote vikafuliwa kwa maji ya moto sana. Mikeka ikakung'utwa mbali na nyumba, ikaanikwa juani kutwa nzima pande zote mbili. Buu wa kiroboto anahitaji unyevu. Jua kali likimpata, anakauka na kufa.

Kisha wakafagia. Hawakufagia katikati ya nyumba tu, bali chini ya vitanda, nyuma ya magunia na katika kila pembe. Takataka hazikutupwa nyuma ya mlango, bali zilichomwa. Mama akamwaga maji yanayochemka katika nyufa za sakafu, huku watoto wakikaa nje wasiungue. Baadaye nyufa zikazibwa kwa udongo mpya, na sakafu ikakandikwa hata ikawa laini. Sakafu isiyo na nyufa ni nyumba mbaya kwa kiroboto.

Kazi hiyo haikwisha kwa siku moja. Kila siku ya pili walifagia tena, na kila juma walifua kitambaa cha paka. Kwa nini? Kwa sababu ya wale 10 waliojifungia. Maji hayawaingii vizuri, ufagio unawaacha, wala dawa haiwafikii. Yapasa kungoja watoke, kisha kuwaua kabla hawajataga.

Paka mwenyewe alichanwa kila jioni kwa kichanuo chenye meno yaliyokaribiana, kama kile cha kuondolea chawa. Viroboto hupenda kukaa nyuma ya masikio, shingoni na karibu na mkia. Kila mara msichana alichovya kichanuo katika bakuli la maji ya sabuni. Sabuni ina kazi yake hapo: katika maji matupu kiroboto huelea na kuruka tena, lakini katika maji ya sabuni anazama. Hakuwaponda viroboto kwa kucha. Ndani ya kiroboto huweza kukaa mtoto wa tegu. Paka akimmeza kiroboto anapojilamba, tegu hukua tumboni mwake, na vipande vyake huonekana kwenye mkundu wa paka kama punje za mchele. Hata mtoto wa mtu akimeza kiroboto kwa bahati mbaya huweza kupata tegu huyo. Kwa hiyo, baada ya kumchana paka, msichana alinawa mikono kwa sabuni.

Alipomwosha paka mara ya pili, alitumia maji ya uvuguvugu. Alianza kwa kumzungushia povu la sabuni shingoni, ili viroboto wasikimbilie masikioni na usoni. Kisha alimsuuza vizuri, akamkausha kwa kitambaa. Wale watoto 2 wa paka hawakuoshwa, maana mtoto mdogo wa paka akilowa hushikwa na baridi upesi. Wao walichanwa tu, mara 2 kwa siku, karibu na moto.

Usiku waliweka sahani pana ya maji ya sabuni chini ya taa, mbali na vitanda na vitambaa. Kiroboto huvutwa na mwanga na joto la taa, akaruka, akaanguka majini. Usiku wa kwanza walihesabu viroboto 17. Baada ya majuma 2 walihesabu 4. Sahani haiwezi kuwamaliza viroboto, lakini ni shahidi mzuri. Inaonyesha kama kazi inaendelea mbele au inarudi nyuma.

4. Si kila kitu cha asili ni kipole

Majirani wale walitoa mashauri kwa moyo mwema. Lakini shauri jema ni lile linalomponya mgonjwa, wala si lile linalotoka katika moyo mwema tu.

Petroli ya taa huua viroboto, ni kweli. Lakini inaunguza ngozi ya paka, na mvuke wake unaingia mapafuni. Tena paka ana desturi moja ambayo mbuzi na kuku hawana: anajilamba mwili mzima kila siku. Kitu chochote kinachopakwa juu ya manyoya yake, jioni kiko tumboni mwake. Ndiyo maana kwa paka hakuna dawa ya nje tu. Kila dawa ya nje ni ya ndani pia.

Kitunguu saumu ni chakula kizuri katika sombe la watu. Kwa paka ni sumu. Kitunguu saumu na kitunguu cha kawaida huharibu chembe nyekundu za damu yake. Paka mwenye viroboto amekwisha kupoteza damu. Ukimlisha kitunguu, unamwondolea ile iliyobaki.

Maji ya tumbako nayo yametumiwa na watu wengi tangu zamani kuua wadudu. Tumbako imeota shambani, lakini nikotini iliyo ndani yake yaweza kumwua paka. Mafuta makali yanayokamuliwa katika majani yenye harufu ni hatari vilevile, kwa maana ini la paka haliwezi kuyavunja nguvu.

Na dawa ya nyanya? Hiyo ilitengenezwa kwa majani ya shambani, wala si kwa ngozi ya mnyama. Haifai kwa paka, haifai kwa kitanda, haifai kwa chumba anachotambaa mtoto. Mama aliirudisha chupa ile kwa jirani kwa adabu, akamwomba aiweke mbali na watoto.

5. Ua jeupe la milimani

Watu wengine husema: «Dawa ya duka ni mbaya, dawa ya shamba ni nzuri.» Wengine husema kinyume. Historia ya ua moja yaonyesha kwamba wote wawili wamekosea.

Ua hilo ni pareto, ambalo kwa Kifaransa huitwa pyrèthre. Petali zake ni nyeupe, na katikati ni njano. Lilitoka mbali, katika nchi za Dalmatia upande wa Ulaya. Wakati wa utawala wa Wabelgiji lilipandwa katika milima ya Kivu, kwa sababu linapenda baridi ya juu. Maua yake yakikaushwa na kusagwa, hutoa unga unaoua wadudu. Lakini nguvu ya unga huo hupotea upesi juani.

Kwa hiyo wataalamu walitafuta kuiga sumu ya ua hilo, na kuifanya idumu. Mwaka 1973, huko Uingereza, walipata permetrini. Dawa hiyo hainyauki upesi juani. Inatumiwa katika vyandarua, katika nguo na juu ya mbwa. Mbwa anaivumilia. Paka hawezi.

Baba wa nyumba ile hakujua hayo. Sokoni alikuta chupa ndogo ya dawa ya viroboto vya mbwa kwa bei nafuu. Muuzaji alimwambia: «Kwa paka, tia robo yake.» Baba aliinunua. Lakini alikuwa mtu mwangalifu. Kabla ya kurudi nyumbani alipita kwa mganga wa wanyama, akamwonyesha.

Mganga alisoma maandishi ya chupa. «Baba,» akasema, «humu mna permetrini. Ukimtilia paka wako, atatetemeka, atatoa mate, atashikwa na kifafa, na huenda akafa.»

«Hata robo, Mganga?»

«Hata robo. Ini la mbwa linaivunja sumu hii. Ini la paka haliwezi. Na kama mbwa ametiwa dawa hii, paka asilale naye mpaka imekauka kabisa.»

Kisha mganga akamwonyesha dawa nyingine, iliyoandikwa kuwa ni ya paka. Katika miaka ya 1990 wataalamu walileta dawa mpya za matone, kama fipronili na imidakloprida. Hizo hudonoshwa juu ya ngozi ya kisogo, mahali ambapo ulimi wa paka haufiki. Zinaenea katika mafuta ya ngozi na kuua viroboto kwa mwezi mmoja hivi. Mganga aliuliza uzito wa paka, akauliza umri wa watoto wake, akauliza kama nyumbani wana sungura. Maana fipronili, isiyomdhuru paka ikitumiwa vizuri, yaweza kumwua sungura.

Baba alilipa dawa ya paka mkubwa peke yake. Watoto wake walikuwa wadogo mno kwa dawa hiyo, wakaendelea kuchanwa. Chupa ya mbwa aliirudisha sokoni.

Watu wazima wanakumbuka pia DDT. Mwaka 1939 mtaalamu wa Uswisi, Paul Müller, alitambua kwamba inaua wadudu vikali. Mwaka 1948 alipewa tuzo ya Nobel. Ilinyunyizwa katika nchi nyingi. Baadaye ilionekana kwamba haiozi upesi, inakaa katika udongo na katika mafuta ya wanyama, na inadhuru ndege. Kwa mapatano ya Stockholm ya mwaka 2001, mataifa yaliiacha isipokuwa katika kupigana na wadudu wanaoeneza magonjwa, kama mbu wa malaria. Kwa hiyo usiulize tu kama dawa ni ya shamba au ya duka. Uliza maneno matatu: Ni ya mnyama gani? Ni kiasi gani? Itakwenda wapi baadaye?

6. Babu abadili shauri

Babu bado hakuwa ameridhika. Jioni moja, wote wakiwa motoni, alisema: «Kazi hii yote kwa ajili ya paka! Tungalimtupa, tungalipumzika.»

Msichana alimwuliza kwa upole: «Babu, viroboto 95 wa mkekani wangekula nini?»

Babu akanyamaza. Kisha akaanza kucheka polepole. Akasimulia kwamba zamani alifunga nyumba yake miezi 2, akaenda safari. Paka naye akahamia kwa watu wengine. Babu aliporudi na kufungua mlango, hata hajaweka mzigo chini, viroboto walimrukia miguuni kwa wingi. «Nilifikiri watakuwa wamekufa kwa njaa,» akasema. «Kumbe walikuwa wakiningoja mimi!»

Ndivyo ilivyo. Paka akifukuzwa, viroboto hawamfuati wote. Wale wanaotoka katika vifuko vyao hawamkuti paka, basi huwauma watu.

Tena kuna hatari kubwa zaidi, nayo ni panya. Panya ana viroboto wake, na hao ndio wanaosifika kwa kueneza tauni. Mwaka 1894 Alexandre Yersin aliona kijidudu cha tauni huko Hong Kong. Lakini watu hawakujua ugonjwa unapitia wapi. Mwaka 1898 mganga Mfaransa, Paul-Louis Simond, alikuwa Karachi, mji ambao leo ni wa Pakistani. Aliweka panya mgonjwa ndani ya chombo cha kioo pamoja na viroboto. Ili wawe wengi, aliongeza viroboto aliowatoa kwa paka mmoja wa hoteli. Kisha akaning'iniza humo panya mzima ndani ya kizimba, wasiweze kugusana. Panya mgonjwa akafa. Baada ya siku chache panya mzima naye akaugua tauni. Kilichovuka kati yao kilikuwa kiroboto. Wataalamu wengi hawakumsadiki kwa miaka kadhaa, lakini alisema kweli.

Mambo hayo si ya mbali. Katika nchi ya Kongo, tauni imejulikana Ituri tangu mwaka 1928. Mwaka 2020 ilionekana tena katika eneo la Rethy. Siku hizi inaponyeshwa kwa dawa, mgonjwa akipelekwa mapema. Panya akifa kwa tauni, mwili wake hupoa, na viroboto wake huuacha na kutafuta damu nyingine. Kwa hiyo, mahali penye tauni, watu wa afya huua viroboto kwanza, kisha panya. Ukianza na panya, unawatuma viroboto kwa watu. Mahali hapo mtoto asiguse panya aliyekufa, wala asimbebe paka mgonjwa, kwa maana paka naye aweza kuambukizwa. Awaambie wakubwa mara moja.

Babu alisikiliza hata mwisho. Kisha aliinuka, akalichukua lile gunia lililokuwa limetundikwa mlangoni, akalitia mahindi.

7. Kumaliza viroboto ni kudumu

Nyumba ile ilipata raha baada ya miezi 2 na nusu. Wengine hupata raha mapema zaidi, wengine huchelewa. Anayeshindwa mara nyingi si yule asiye na dawa ya bei kubwa. Ni yule anayefanya kazi siku moja, akaona paka hajikuni, akaweka ufagio chini. Yeye amewaua 5, akawasahau 95.

Watoto, kumbukeni basi. Mchaneni paka, na aliye mkubwa mwosheni kwa sabuni. Fueni kitambaa chake, anikeni mikeka juani, zibeni nyufa. Kama kuna paka 2 na mbwa 1, watunzeni wote siku moja, la sivyo mmoja atawarudishia wengine viroboto. Msiweke dawa yoyote juu ya paka kabla mtu mzima hajasoma maandishi yake. Mkiona mtoto wa paka analala tu na fizi zake ni nyeupe, msingoje kesho, mchaneni upesi, mtieni joto, tafuteni mganga wa wanyama.

Paka hawezi kuondoa viroboto wake peke yake. Analinda mahindi yetu usiku. Yafaa nasi tumlinde mchana.

Maswali

1. Kwa nini vumbi jeusi la paka liligeuka jekundu katika maji?
2. Katika viroboto 100 wa nyumba, wangapi hukaa juu ya paka? Wengine wako wapi?
3. Kwa nini kiroboto huzama katika maji ya sabuni?
4. Taja vitu 3 vya asili vinavyoweza kumdhuru paka.
5. Kwa nini dawa ya mbwa isitiwe juu ya paka?
6. Mahali penye tauni, kwa nini viroboto huuawa kabla ya panya?
7. Tazameni nyumbani kwenu: paka analala wapi? Mahali hapo pamefagiliwa na kuanikwa lini?